Pikapu kuukuu na barabara za Katavi: Viungo vya mbele vinavyobeba roho za watu

KATIKA Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, pikapu si gari la fahari. Ndilo linalopeleka mbolea kwa wakulima wa tumbaku wa Mishamo na Katumba, ndilo linalofuata asali Inyonga, ndilo linalopandisha dagaa kutoka Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika na kushusha magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe. Siku ya mnada hubeba mbuzi, na usiku wa manane huweza kubeba mjamzito.

Sehemu kubwa ya magari hayo ni makuukuu. Mengine yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka mingi, mengine yalinunuliwa katika minada ya magari chakavu ya ofisi mbalimbali, na yote hutarajiwa kufanya kazi ya lori kwa mafuta ya gari dogo. Injini zake ni za dizeli za zamani ambazo huvumilia mengi, na bodi huchomelewa ikatobolewa ikachomelewa tena. Sehemu isiyovumilia ni ile ya mbele, chini, pale gurudumu linaposhikana na chasisi. Wenye magari wengi hawaitazami hadi waisikie ikigonga.

Ndani ya sehemu hiyo kuna kiungo kimoja ambacho mafundi wetu hukiita boljointi. Ni gololi ya chuma iliyokaa ndani ya kikombe cha chuma, ikapakwa grisi na kufunikwa kwa kifuko cha mpira. Gololi hiyo inapolika hadi ikachomoka kwenye kikombe chake, gurudumu hulala ubavu likaingia chini ya bodi, pua ya gari hushuka na kukwangua barabara, na usukani unaozungushwa na dereva unakuwa hauongozi chochote. Mara nyingi bomba la breki nalo hukatika. Jambo hilo likitokea gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na nyuma kuna watu waliokaa juu ya magunia, hakuna ustadi wa udereva unaoweza kusaidia.

Makala haya yanaeleza namna viungo hivyo vinavyofanya kazi, namna ya kuvipima, na namna mwenye gari anavyoweza kuvibadili akiwa nyumbani kwake na vifaa vya kawaida, pamoja na yale ambayo hapaswi kuyajaribu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mikoani. Hata hivyo, pikapu ya aina hiyo hiyo ndiyo inayomletea mchanga, vigae na samani katika mitaa ya mjini, na gololi yake haijui kama iko Mpanda au Mbagala.

Katavi ulitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, kufika Mpanda wakati wa masika kulimaanisha kupanda treni kutoka Tabora kupitia Kaliua, katika tawi la reli la kilomita zipatazo 210 ambalo serikali ya kikoloni ilianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Vipuri vya magari navyo vilisafiri hivyo hivyo, na mwenye gari aliyeagiza kifaa Tabora au Dar es Salaam alijifunza kusubiri. Mwaka 2022 ilizinduliwa rasmi barabara ya lami ya kutoka Tabora kupitia Koga hadi Mpanda, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 340, na mambo yakabadilika sana. Lakini lami ni ya njia kuu. Shamba haliko kwenye njia kuu, na ukiiacha lami unakutana na barabara ya udongo ambayo kiangazi hugeuka kuwa migongo midogo midogo iliyopangana kama bati, na masika hugeuka tope jeusi la mbugani.

Migongo hiyo ya bati ndiyo adui mkubwa kuliko mashimo. Shimo dereva hulikwepa au hupunguza mwendo. Migongo haikwepeki, na kila mmoja humpiga gurudumu kidogo tu, lakini humpiga mara nyingi kwa kila sekunde, kwa saa kadhaa mfululizo. Shokapu, ambayo kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto kwa kusukuma mafuta katika matundu madogo, hupata joto hadi mafuta yake yakatoa povu na mpira wa kuzibia ukaanza kuvuja. Shokapu ikishakufa, mtikisiko wote hubebwa na bushi na boljointi. Vumbi nalo huingia katika kifuko cha mpira kilichopasuka, likachanganyika na grisi, na mchanganyiko huo husaga chuma kama msasa. Masika yakifika, maji humalizia kazi.

Kabla ya kushika spana, ni lazima mwenye gari ajue gari lake ni la aina gani, kwani si pikapu zote zilizojengwa sawa upande wa mbele. Zipo zenye ekseli nzima moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, iliyokaa juu ya springi za mbamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilikuwa hivyo hadi mwaka 1999, zilipobadilishiwa springi za mviringo upande wa mbele, ingawa ekseli nzima ilibaki. Magari haya hayana mikono ya juu na ya chini, na kazi yake kubwa ni kubadili bushi na shokapu. Zipo pikapu mpya zaidi, kama Hilux za toleo lililoanza mwaka 2004, ambazo kila gurudumu la mbele lina mikono yake miwili na springi ya mviringo iliyoizunguka shokapu.

Katikati ya makundi hayo mawili kuna pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990, za Toyota na za watengenezaji wengine wa Japani, ambazo zina mikono miwili kila upande lakini hazina springi ya mviringo. Badala yake kuna fito ndefu ya chuma inayolala sambamba na chasisi. Mbele fito hiyo imeshikana na mkono wa gurudumu, nyuma imefungwa kwenye chasisi kwa bolti ya kurekebishia. Gurudumu linapopanda, fito hujisokota, na katika kutaka kurudi katika hali yake ndiyo huinua gari. Hizi ndizo tutakazozizungumzia zaidi.

Katika magari mengine fito hushika mkono wa chini, katika mengine hushika mkono wa juu. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloamua mengi. Boljointi ya mkono ulioshikwa na springi ndiyo inayobeba uzito wote wa gari upande ule, na ndiyo inayolika haraka. Ile nyingine kazi yake ni kuongoza tu. Ingia chini ya gari na tochi, fuata fito hadi mwisho wake wa mbele, na utaona imeshika mkono upi.

Hapa inafaa kukumbusha tukio la nje ya nchi ambalo linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwezi Agosti 2004, katika Mkoa wa Kumamoto nchini Japani, gari aina ya Hilux Surf lilimshinda dereva, likagongana na gari lingine na watu watano wakajeruhiwa. Chanzo kilionekana kuwa ni fimbo ya kuunganisha usukani ambayo ilikuwa imevunjika. Miezi miwili baadaye kampuni ya Toyota ilitangaza kuyaita magari zaidi ya 330,000 nchini humo, ya miaka ya 1988 hadi 1996, yabadilishiwe fimbo hiyo. Nchini Marekani wito kama huo ulitolewa mwaka 2005 kwa karibu magari milioni moja, na kwa kuwa ulichelewa, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo iliitoza kampuni hiyo faini ya zaidi ya dola milioni 16 mwezi Desemba 2010.

Hilux Surf za miaka hiyo tunazijua. Zimejaa katika barabara zetu. Gari likishauzwa kama mtumba na kuvuka bahari, barua ya kuitwa kwa mtengenezaji hailifuati hadi kwa mnunuzi wa tatu aliyeko Usevya. Hivyo mwenye gari la namna hiyo anapolala chini kutazama boljointi, ni vyema akatazama na fimbo zote za usukani kwa ufa, kutu iliyochimba na sehemu zilizopinda, na kuuliza kama ile ya katikati imewahi kubadilishwa.

Sasa tuje kwenye kupima. Dalili za kwanza husikika kabla ya kuonekana: mgongo wa chuma kwa chuma gari linapopita kwenye tuta kwa mwendo mdogo, mlio wa kukwaruza usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama, gari kuvutia upande mmoja, na tairi kulika ukingo wa ndani au wa nje. Dalili hizo zinaweza kutokana na vitu vingi, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha kwa kubadili kifaa ambacho si kibovu.

Inua upande mmoja hadi gurudumu liache ardhi. Kama springi ya gari lako inashika mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu kadiri inavyowezekana. Kama inashika mkono wa juu, jeki iinue chasisi. Ukikosea hapo, springi itaendelea kuibana boljointi na utaiona ngumu hali imekwisha. Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu na ujaribu tena. Mchezo ukitoweka breki inapokanyagwa, kosa ni la beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, kosa ni la boljointi au bushi. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo kwa kawaida hutoka kwenye tairodi na viungo vingine vya usukani.

Mwisho, chukua mtaimbo, uupitishe chini ya tairi na uinue taratibu huku mwenzako akiwa ameweka kidole penye maungio ya boljointi. Kidole huhisi kile ambacho jicho halioni. Boljointi yenye kifuko kilichopasuka ihesabiwe kuwa imekwisha hata kama haijaanza kucheza, kwa sababu mchanga umeshaingia.

Kuhusu ununuzi, kuna mambo machache ya kusema na yote yanauma mfukoni. Boljointi ya mtumba isinunuliwe. Bodi ya mtumba, kioo cha mtumba, hata injini ya mtumba vina hoja yake, lakini kiungo ambacho umri wake haujulikani na ambacho kikikatika kinaua hakina hoja. Vifaa vya bandia navyo vimeenea, na Tume ya Ushindani imekuwa ikivikamata mara kwa mara. Mnunuzi afungue boksi akiwa dukani. Atazame kama maandishi yaliyochorwa kwenye chuma yanasomeka, kama kifuko cha mpira ni kinene na kimebana pande zote, kama nati na pini yake vimo, na kama gololi inazunguka kwa ugumu ulio sawa bila kukwama wala kulegea. Inayolegea mkononi ikiwa mpya itakuwa na hali gani baada ya miezi miwili ya kwenda Karema?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua jozi iliyokuwa na bei nzuri mno. Kifuko kilipasuka kabla ya mvua za kwanza, na fundi alipokifungua hakukuta grisi ndani, ila alama tu ya mafuta mepesi. Bei nzuri ile ilikuwa gharama ya kufanya kazi ile ile mara mbili.

Kazi yenyewe ifanyike kwenye sakafu ngumu na tambarare. Uwanja wa mchanga haufai, kwa kuwa jeki huzama upande. Kabla ya kufungua chochote, pima kwa futikamba umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, na uandike. Bila kipimo hicho hutajua kama umelirudisha gari katika kimo chake. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha inua.

Gari lililoinuliwa lisibaki juu ya jeki pekee. Jeki ya mafuta huvuja, ya kuzungusha huteleza. Stendi za chuma ndizo zinazofaa, zikiwekwa chini ya chasisi. Kwa asiye nazo, magogo ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa na kupangwa kwa kupishana yanaweza kutumika, na kwa bahati nzuri Katavi si mkoa wa kukosa mti mgumu. Matofali na mawe yasitumike hata kwa dakika moja. Tofali hubeba uzito vizuri hadi linapopasuka, na hupasuka bila kutoa onyo. Gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya chasisi, ili gari likianguka liliangukie hilo kwanza.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu huumia. Fito iliyosokotwa imebeba nguvu ya kuinua mbele ya gari zima, na ukifungua boljointi kabla ya kuituliza, mkono unaweza kuruka na kuvunja mfupa. Kwa hiyo magurudumu yakiwa yananing'inia, fuata fito hadi mwisho wake wa nyuma na uitafute bolti ya kurekebishia. Isafishe kwa brashi ya waya, ipake mafuta, na pima kwa rula ni milimita ngapi za uzi wake zimechomoza nje ya nati. Andika kipimo hicho pia, kwa kila upande peke yake, kwa sababu pande mbili hazilingani daima. Ndipo uilegeze taratibu hadi fito iwe haina mkazo. Pamoja na hayo, jeki ya pili iwe inaushikilia mkono wa chini wakati wote.

Kwa pikapu zenye springi ya mviringo iliyoizunguka shokapu, onyo ni kali zaidi. Nati ya juu katikati ya shokapu isifunguliwe nyumbani bila kifaa maalumu cha kuibana springi. Springi hiyo ikiachiwa huruka kwa nguvu ya kutosha kuua. Toa shokapu na springi yake kama kitu kimoja kwa kufungua bolti za pembeni, na uipeleke gereji yenye kifaa hicho.

Boljointi hushikana na chuma cha gurudumu kwa shina lililochongwa kama pia, nene chini na jembamba juu, ambalo hujibana katika tundu lake kiasi kwamba hata nati ikitolewa halitoki. Toa pini ya miguu miwili inayozuia nati, legeza nati hadi ifike mwisho wa uzi, lakini usiitoe. Nati hiyo ndiyo itakayouzuia mkono usiruke. Kisha chukua nyundo mbili nzito. Moja iegemeze upande mmoja wa tundu, na kwa nyingine piga upande wa pili, ukilenga chuma kinacholizunguka shina na si shina lenyewe. Mapigo machache yenye uzito huliachilia, kwa mlio usioweza kusahaulika. Kupiga ncha ya shina kwa chini, kama wengi wanavyofanya, huharibu uzi na mara nyingi hakusaidii.

Katika pikapu nyingi za Toyota za miaka hiyo boljointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti chache, na kazi iliyobaki ni ya spana tu. Katika baadhi ya magari imekandamizwa ndani ya mkono kwa mashine, na hiyo mtu asijipe taabu ya kuitoa kwa nyundo. Atoe mkono mzima na kuupeleka kwa mwenye mashine ya kukandamiza. Kama ni lazima kutoa kalipa ya breki, ifungwe juu kwa waya. Ikiachwa ining'inie kwa bomba lake la mpira, bomba hupasuka ndani mahali pasipoonekana.

Boljointi mpya ikishakaa, nati yake ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Endapo tundu la pini halikulingana na mwanya wa nati, endelea kukaza kidogo hadi vilingane. Usilegeze ili kutafuta mwanya, kwa kuwa shina lililolegezwa hutetemeka katika tundu lake na kulitanua. Pini iwe mpya. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho ambacho watu hukitumia tena kwa kukinyoosha.

Ipo desturi katika gereji za pembezoni ya kuirudisha ujana boljointi iliyolika, ama kwa kukigonga kikombe chake kibane, ama kwa kukijaza kwa moto wa kuchomelea. Mafundi wanaofanya hivyo si wajinga. Wanafanya kwa sababu mteja amesema hana fedha na kipuri kiko mbali. Lakini chuma cha gololi na kikombe kimekomazwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa kuchomelea hukiondolea ukomavu huo au kukifanya kikatike kama kigae. Kiungo kitaonekana kimebana, dereva atafurahi, na kuanzia hapo hakuna anayejua kitadumu kilomita ngapi. Vivyo hivyo kwa tairodi iliyochomelewa.

Bushi ni kazi ya uvumilivu zaidi kuliko hatari. Ni mirija ya mpira iliyobanwa kati ya chuma na chuma, penye maungio ya mkono na chasisi. Kabla ya kulegeza bolti za mkono wa chini, tazama kama zina vichwa vyenye duara lisilo na kitovu cha katikati. Hizo hutumika kurekebisha mwelekeo wa gurudumu, na ni lazima zichorwe alama kwa rangi au patasi ili zirudi pale pale. Bushi za zamani zisukumwe nje kwa kubanwa kwenye vaisi, na zisichomwe moto, maana moshi wake ni sumu na mkono nao hupata joto usilolihitaji. Bushi mpya ilainishwe kwa maji ya sabuni. Grisi na oili huuvimbisha mpira wa kawaida na kuuoza.

Wapo wanaochonga bushi kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu. Katika dharura, ya kukufikisha nyumbani, si jambo la kulaumu. Kuifanya kuwa matengenezo ni jambo lingine.

Kosa linalofanywa hata na mafundi wazoefu ni kukaza bolti za bushi gari likiwa bado limeinuliwa. Mpira wa bushi hauzunguki, hujisokota. Ukikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, basi gari likishushwa mpira huwa umeshasokotwa hata kabla ya safari kuanza, na utachanika katika muda mfupi. Bolti hizo zishikwe kwa mkono tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, lisukumwe mbele na nyuma na kutikiswa, ndipo zikazwe kikamilifu. Ni dakika kumi za kulala chini ya gari mara ya pili, na zinaongeza maisha ya bushi kwa miaka.

Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja. Mpya nyingi zenye mafuta huwa zimekaa zimelala dukani na hewa imeingia mahali pa mafuta, hivyo ziwekwe wima na kuvutwa na kusukumwa mara kadhaa kabla ya kufungwa. Fimbo yake inayong'aa isishikwe kwa koleo hata kidogo. Mkwaruzo mmoja juu yake utaukata mpira wa kuzibia, na mafuta yataanza kuvuja.

Baada ya kufunga vyote, rudisha bolti ya fito katika kipimo ulichoandika, shusha gari, litikise, lisogeze mita chache mbele na nyuma, kisha pima kimo. Rekebisha kidogo kidogo hadi pande zote zirudi kama zilivyokuwa. Wapo wanaochukua nafasi hiyo kuliinua gari mbele kwa kuisokota fito zaidi ili lipite kwenye makorongo. Gari hupanda kweli, lakini mikono hukaa katika pembe ambayo boljointi hazikukusudiwa, na zile mpya zitalika upesi.

Mwelekeo wa magurudumu lazima upimwe upya kwa mashine. Asiyekuwa karibu na mashine anaweza kupata kipimo cha muda. Chora alama katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, katika kimo cha katikati ya gurudumu, na pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari hadi alama zifike upande wa nyuma katika kimo kile kile, upime tena. Kwa pikapu nyingi za zamani kipimo cha mbele hutakiwa kulingana na cha nyuma au kuwa pungufu kwa milimita chache. Tofauti ya sentimita moja au zaidi itakula tairi jipya kabla ya kufika mbali. Kipimo hiki hakigusi mlalo wa gurudumu wala mwegemeo wake, na kwa hiyo kinatosha tu kukufikisha kwenye mashine.

Safari ya kwanza iwe fupi, kwa mwendo mdogo, na isiwe ya kuelekea Sitalike. Kijiji hicho, kilicho kiasi cha kilomita 35 kusini mwa Mpanda, ndiyo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na barabara ya kwenda Sumbawanga hupita ndani yake. Viboko huonekana kutoka darajani. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka kwenye gari ovyo, na hata pangeruhusiwa, mbung'o wa pale hawampi mtu nafasi ya kuhesabu nati. Aliyewahi kukwama humo na gurudumu lililolala hahitaji kuelezwa.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati za magurudumu zikazwe tena, pini zote zitazamwe kwa tochi, na vifuko vya mpira vishikwe kwa mkono kuona kama kuna kinachovuja. Boljointi yenye tundu la kuingizia grisi ipewe grisi kila inapobadilishwa oili ya injini, na kwa wanaoingia tope la mbugani, mara baada ya kutoka. Pampu isimame kifuko kinapoanza kuvimba, kwani kikijazwa mno hupasuka.

Kwa asiye na vifaa au asiye na ujasiri, Mpanda ina gereji na ina chuo cha VETA ambacho hufundisha vijana ufundi. Hata huko, mwenye gari anaweza kusimama pembeni na kuuliza maswali matatu: kama springi imetulizwa kabla ya kufungua, kama pini ni mpya, na kama bushi zitakazwa gari likiwa chini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari lililo katika hali ya hatari. Wakati wa ukaguzi askari atatazama zaidi taa, tairi na breki, maana hivyo huonekana akiwa amesimama. Boljointi haionekani hadi mtu alale chini, na wa kwanza kulala chini anapaswa kuwa mwenye gari.

Vipuri vilivyotolewa vipigwe nyundo au vikatwe kabla ya kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vikiachwa vizima, vitasafishwa kwa dizeli, vitapakwa rangi nyeusi na kuwekwa mezani.